Babur, Mfalme Aliyelilia Tikiti

Mpenzi msomaji, nikikutajia dalia, wewe uliyezaliwa Mombasa, Lamu au Malindi, fikira zako zitakwenda moja kwa moja kwenye ule unga wa manjano wenye harufu nzuri wanaojipaka kina mama siku za arusi. Ndivyo alivyofahamu shangazi yangu nilipomwambia kuwa nimeleta kikapu cha dalia kutoka Limuru. Akafurahi, akaniuliza ni nani anayeoa. Ikanibidi nifunue kikapu nimwonyeshe: viazi vyembamba vilivyosinyaa, vimeungana shingoni kama vidole vya mkono, vimeganda udongo mwekundu wa bara. Akavitazama, kisha akanitazama mimi, akanambia kuwa ni heri ningeleta viazi vya kupika.

Dalia niliyoikusudia mimi ni maua. Ni maua ya duara yenye majani mengi ya rangi yaliyopangwa safu juu ya safu, mengine makubwa kama sahani ya chai, mekundu, ya manjano, meupe na ya zambarau. Asili yake ni nchi ya milima ya Mexico. Yalifika Madrid, Hispania, mwaka 1789, yakapewa jina la Anders Dahl, mtaalamu wa mimea wa Sweden. Hupenda usiku wenye baridi na udongo usiotuamisha maji, ndiyo sababu huko Limuru hustawi hata mbele ya nyumba ya mtu mnyonge.

Mimi nilifanya kazi huko miaka 22. Mke wangu marhuma, ambaye ni mtu wa Lamu, aliyapanda mbele ya mlango wetu tangu mwaka wa pili mpaka siku tuliyofunga mizigo. Tuliporudi Mombasa hakukaa sana. Mwenyezi Mungu alimchukua kabla ya kutimiza miaka miwili. Baada ya kumzika nikaingiwa na hamu ya kuyaona maua yake. Nikaenda Limuru, na jirani yetu wa zamani akanichimbulia viazi kutoka shina lile lile alilopewa na marehemu.

Nilivipanda uani katika madebe sita niliyoyatoboa chini. Nilichanganya samadi na mchanga, nikayaweka kivulini mahali panapopata jua la asubuhi tu, nikanywesha magharibi. Vikachipua! Vikatoa maua mawili madogo, yamelegea kama mtu mwenye homa. Masika ilipoingia, mashina yakalainika. Nilipofukua nikakuta kila kiazi kimeoza.

Ilikuwa katika siku hizo za huzuni ndipo kijana mmoja mwanafunzi, jirani yangu, aliponiazima kitabu cha maisha ya Babur. Najua wasomaji wengi wamelisikia jina hilo darasani: aliyeiteka Delhi, aliyeasisi dola ya Wamongoli Waislamu wa Bara Hindi, ambayo kilembwe chake Shah Jahan ndiye aliyejenga Taj Mahal. Mimi pia nilijua hayo tu. Sikujua kuwa mtu huyu wa upanga alikuwa mkulima wa maua, tena mkulima aliyepata tabu ile ile niliyoipata mimi na madebe yangu sita. Basi leo naomba unipe dakika chache nikuhadithie habari zake.

MWANA WA FERGANA

Jina lake kamili ni Zahiruddin Muhammad, na Babur ni lakabu. Alizaliwa tarehe 14 Februari 1483, yaani mwezi wa Muharram mwaka 888 wa Hijra, katika bonde la Fergana ambalo sehemu yake kubwa leo imo katika nchi ya Uzbekistan. Kwa upande wa baba alikuwa wa ukoo wa Timur, yule mshindi maarufu wa Samarkand. Kwa upande wa mama alitokana na Genghis Khan. Kwa nasaba kama hiyo ungedhani alizaliwa kwenye raha, lakini nasaba kubwa katika zama zile ilikuwa ni kuzaliwa na maadui wengi, na wengi wao ni ami zako na wajomba zako.

Mwezi wa Ramadhani mwaka 899, sawa na Juni 1494, baba yake Umar Sheikh alikuwa katika ngome iliyojengwa juu ya genge. Alikuwa akipenda njiwa. Siku hiyo ukingo wa genge ulimomonyoka, na banda la njiwa likaporomoka pamoja naye na njiwa wake mpaka chini, akafa. Mtoto alikuwa na miaka 11 tu. Habari ya kifo ilimfikia akiwa Andijan, katika bustani. Nimelitia alama neno hilo, kwa sababu utaona ya kuwa kila lililokuwa kubwa katika maisha ya mtu huyu, la furaha au la msiba, lilimkuta bustanini au lilimpeleka bustanini.

Basi akawa mfalme angali mtoto, huku bibi yake, Esan Dawlat, mwanamke wa akili na shauri, akimwongoza. Tamaa yake yote ilikuwa ni Samarkand, mji wa babu yake Timur, uliojaa misikiti, madrasa na bustani. Aliuteka mwaka 1497, akiwa na miaka 14, akakaa nao siku kama 100. Alipokuwa huko, wakubwa wake wenyewe wakamnyang'anya Andijan. Akatoka kwenda kuukomboa mji wa nyumbani, na Samarkand ikamponyoka; akabaki hana huku wala huko. Mshika mbili moja humponyoka, lakini yeye zilimponyoka zote mbili.

Aliiteka tena Samarkand mwaka 1500. Mara hii alipambana na Shaibani Khan, mkuu wa Wauzbeki, naye Shaibani alimshinda, akamzingira mpaka watu mjini wakala nyama ya punda na mbwa. Mwaka 1501 Babur akatoka usiku pamoja na mama yake, na dada yake mkubwa Khanzada akabakia mikononi mwa adui, akaolewa na Shaibani. Ilipita miaka kama 10 kabla ya ndugu hao wawili kuonana tena.

Baada ya hapo akawa mfalme asiye na nchi. Alipita milimani na wafuasi waliozidi 200 na hawakufika 300, wengi wao wakitembea kwa miguu na fimbo mkononi. Hema walikuwa nazo mbili tu, na ile ya kwake alimpa mama yake alale. Kwa hali hiyo ndivyo alivyoelekea kusini, akavuka milima ya Hindu Kush, na mwaka 1504 akauchukua mji wa Kabul. Alikuwa na umri wa miaka 21.

KABUL NA MAUA YAKE

Kabul haikuwa chaguo lake. Ilikuwa ni pahali palipobaki. Lakini hapo ndipo alipoanza kuwa mkulima.

Mwaka uliofuata mama yake alifariki dunia. Chini ya mlima palikuwa na bustani iliyojengwa na ami yake, mtawala wa Kabul wa kabla yake. Babur aliwaomba ruhusa warithi wa bustani ile, wakamkubalia, naye akaingia kaburini kumlaza mama yake kwa mikono yake mwenyewe pamoja na ndugu yake wa kunyonya. Mtu aliyekuwa na uwezo wa kuchukua ardhi yoyote katika nchi ile, kwa kaburi la mama yake aliomba ruhusa.

Alifanya hivyo hivyo katika kijiji cha Istalif, kaskazini ya Kabul. Ami yake huyo huyo aliwahi kuwanyang'anya wenyewe bustani moja kubwa. Babur aliwalipa thamani yake ndipo akaifanya yake. Katikati yake ulipita mfereji wa maji mwaka mzima, lakini ulikwenda kombo na ovyo. Akaamuru unyooshwe na kupangwa vizuri, na pahali pale pakapendeza sana.

Karibu na hapo palikuwa na chemchemi yenye miti mikubwa ya kivuli. Babur alijenga ukingo wa mawe kuizunguka, na baraza ya kukalia inayotazama msitu mzima wa miti ya arghuwani. Mti huo wakati wa machipuko hujaa maua mekundu ya kuelekea zambarau kabla haujatoa majani. Alikuwa akiamini kuwa duniani hapana pahali palipo kama hapo miti ile inapochanua.

Tena hakuwa mtu wa kusema tu kuwa maua ni mazuri akapita. Alikuwa akiyahesabu. Kwenye miteremko ya Kabul humea tulipu za porini za namna nyingi, naye siku moja alitoa amri zihesabiwe. Zikapatikana aina 32 au 33. Moja katika hizo ilikuwa na harufu ya mawaridi, na alijua ni bonde gani inapoota.

Mwaka 1508, mwaka aliozaliwa mwanawe Humayun, alianza bustani yake mashuhuri aliyoiita Bagh-i Wafa, Bustani ya Uaminifu, karibu na mji unaoitwa leo Jalalabad. Alichagua mahali palipoinuka, penye mto mbele yake na joto la kutosha kwa michungwa, mibalungi na mikomamanga. Ilikuwa bustani ya vipande vinne, iliyogawanywa kwa mifereji ya maji. Mpango huu wa Kiajemi Waislamu waliupenda, kwani kila asomaye Kurani anajua bustani za peponi zinavyosifiwa kwa mito ipitayo chini yake. Baadaye akaleta miwa, kisha migomba kutoka Bara Hindi, na yote ikashika. Hebu fikiri, migomba chini ya milima yenye theluji! Alipoizuru mwaka 1519 wakati wa matunda, aliikuta nyasi yake imefunika ardhi kama zulia, majani ya mikomamanga yamegeuka manjano na matunda yake mekundu yananing'inia, na machungwa yangali mabichi.

UPANDE WA PILI WA MFALME

Nisikudanganye, ewe msomaji, ukadhani namsimulia walii. Mwaka huo huo wa 1519 Babur aliiteka ngome ya Bajaur, akawaua watu wake kwa maelfu, na kwa desturi ya mababu zake akaamuru vichwa vyao vijengwe mnara. Mtu aliyeweza kukaa mbele ya mti mmoja wa tofaha akistaajabia majani machache yaliyobaki kwenye kila tawi, akaona kuwa hapana mchoraji awezaye kuyachora, ndiye huyo huyo aliyefanya hayo. Na katika miaka hiyo alikuwa mlevi. Alikunywa mvinyo na kula majuni, na mara nyingi karamu hizo zilifanywa katika bustani zake, chini ya miti ile ile.

Nayasema haya kwa sababu ameyaandika yeye mwenyewe. Alitunga kitabu cha maisha yake kwa lugha yake ya Kituruki cha Chagatai, na humo hakuficha kushindwa kwake, wala ulevi wake, wala siku alizolia. Mjukuu wake Akbar ndiye aliyeamuru kifasiriwe kwa Kiajemi, na kazi hiyo ilimalizika mwaka 1589.

JOTO LA AGRA

Mwezi wa Aprili 1526, siku ya Ijumaa, Babur alikutana na Sultani Ibrahim Lodi wa Delhi katika uwanja wa Panipat. Jeshi lake lilikuwa watu kama 12,000. La Sultani lilikadiriwa kuwa watu 100,000 na ndovu karibu 1,000. Babur alifunga magari ya kukokotwa kwa kamba za ngozi, yakawa boma, na nyuma yake akaweka mizinga na bunduki. Kufika adhuhuri vita vimekwisha na Sultani ameuawa. Bara Hindi ikawa yake.

Ungemtarajia mtu kama huyo afurahi. Lakini alipofika Agra alikuta joto la kuua, upepo wa vumbi na ardhi tambarare isiyo na maji yapitayo. Aliikosa barafu, aliyakosa maji ya baridi, zabibu na matikiti matamu ya kwao. Wakubwa wake wengi walitaka warudi Kabul, na rafiki yake mpenzi, Khwaja Kalan, aliondoka kweli. Babur akakusanya watu, akawaeleza kuwa nchi waliyoipata kwa tabu ya miaka haiachwi kwa sababu ya jua. Akabaki.

Na kitu cha kwanza alichokitafuta baada ya kubaki kilikuwa kiwanja cha bustani. Alivuka mto Jumna akaikagua ardhi ya ng'ambo, na uso wake ulimchukiza hata karibu akate tamaa. Lakini karibu na Agra hapakuwa na pengine. Akaanza na kisima kikubwa, kwa kuwa pasipo na mto upitao juu lazima maji yapandishwe. Kisha akatengeneza kiwanja penye mikwaju na birika la pembe nane, kisha hamamu. Katika kila pembe akapanda mawaridi na nargisi kwa mpango. Wenyeji hawakuwahi kuona bustani za mistari iliyonyooka namna ile, na upande ule wa mto ambapo wakubwa wake nao walijenga, wakaubandika jina la Kabul.

Sasa, msomaji, hapa ndipo nilipoinua macho kitabuni. Babur hakuishia kupanda vya kwao tu. Alianza kuyatazama maua ya nchi ile iliyomchukiza. Aliliandika ua jekundu la mti wa jasun, ambalo sisi tunalipanda sana kwenye nyua zetu na ambalo huchanua asubuhi likanyauka kabla ya siku kwisha. Aliiandika asumini ya huko, akaona kuwa ni kubwa kuliko ya kwao na harufu yake ni kali zaidi. Na aliliandika ua la keora, akalifananisha na miski, ila hii akaiona ni miski yenye unyevu. Je, unaijua keora ni nini? Ni wa jamii moja na mkadi! Ni mkadi huu wa kwetu, ambao ua lake kina mama hulitia kwenye kikuba na kuliweka baina ya nguo sandukuni. Mfalme wa Samarkand alisimama mbele ya mkadi karibu miaka 500 iliyopita, akainama, akanusa, akautafutia neno la kuusifu.

TOBA NA TIKITI

Mwezi wa Februari 1527 jeshi kubwa la Rana Sanga lilikuwa linamjia, na watu wake walikuwa wamejaa hofu. Hapo Babur alitubia pombe. Vyombo vya dhahabu na fedha vya kunywea vikavunjwa, vipande vyake wakagaiwa masikini na madarweshi. Mvinyo ukamwagwa, na mwingine uliokuwa ndio kwanza umewasili kutoka Ghazni ukatiwa chumvi uwe siki. Mahali ulipomwagwa akaamuru pachimbwe kisima, na kando yake pajengwe nyumba ya wasiojiweza. Mwezi wa Machi akashinda vita vya Khanwa. Toba yake haikuwa nyepesi, kwani miaka miwili baadaye alimwandikia rafiki yake aliyerudi Kabul akikiri kuwa hamu ya mvinyo ilimsumbua mpaka kukaribia kumtoa machozi.

Barua hiyo ya mwaka 1529 ndiyo iliyonikamata mimi. Ndani yake anampa Khwaja Kalan maagizo ya serikali, na katikati ya mambo ya ngome na akiba anaingiza mambo ya bustani: palipo na maji machache yaongezwe, ipandwe miche mizuri kwa mpangilio, na kandokando yake maua yenye sura na harufu nzuri. Kisha anaeleza kuwa siku zile aliletewa tikiti, na alipolikata na kulila yalimtoka machozi. Alikuwa bwana wa Delhi na Agra, ana hazina za masultani, na tikiti moja lilimliza.

Lakini hakukaa akilia. Alimleta mkulima wa matikiti kutoka Balkh akampa kiwanja Agra. Katika mwaka huo wa 1529, mkulima yule akamletea matikiti yaliyoivia hapo hapo, na mizabibu ya bustani yake nayo ikazaa zabibu zisizokuwa mbaya. Furaha yake ilikuwa kubwa. Hakupata matikiti ya Bukhara. Alipata matikiti ya Agra, akashukuru.

KABURI LISILO NA PAA

Mwaka 1530 mwanawe Humayun alishikwa na maradhi makali, na matabibu wakakata tamaa. Inasimuliwa kuwa Babur alishauriwa atoe sadaka kitu chake cha thamani kubwa kabisa. Wapo waliofikiria almasi. Yeye akaona kuwa kito hakiwezi kuwa badali ya mtoto. Akakizunguka kitanda cha mgonjwa, akamwomba Mungu aichukue roho yake badala ya ile ya mwanawe. Humayun akapona, na Babur akaanza kuugua. Alifariki tarehe 26 Desemba 1530, akiwa na miaka 47.

Alizikwa kwanza Agra, bustanini, ng'ambo ile ya Jumna. Lakini usia wake ulikuwa arudishwe Kabul, na baada ya miaka kadhaa mifupa yake ikapelekwa huko. Kaburi lake limo katika bustani aliyoipenda, kwenye mteremko wa mlima wa Sher Darwaza. Hakutaka kuba juu yake. Linapata mvua na jua kama ardhi nyingine. Shah Jahan alipokwenda huko baada ya zaidi ya miaka 100, hakulifunika, bali alijenga msikiti mdogo wa marumaru chini kidogo ya kaburi.

Katika vita vya Waafghani vya miaka ya 1990 bustani hiyo ilikuwa kwenye mstari wa mapigano. Miti ilikatwa au kukauka, na mabomu ya kutegwa yakafukiwa udongoni. Kuanzia mwaka 2002 Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni na wenyeji wa Kabul waliisafisha, wakaijenga upya kuta zake, wakayarudisha maji kwenye mfereji wa katikati, na wakapanda tena michinari, miaprikoti na miarghuwani. Watu wa Kabul wakarudi kukaa kwenye majani pamoja na watoto wao.

MADEBE YANGU SITA

Nilipokifunga kitabu hicho nilikumbuka jambo nililokuwa nimelisahau kabisa. Mwaka wetu wa kwanza Limuru, mke wangu hakupanda dalia. Alipanda mkadi. Aliubeba mche kutoka Lamu ndani ya kitambaa chenye maji, tukabadilisha magari mara tatu, akauchimbia shimo mbele ya mlango. Baridi ya Julai ikaumaliza. Alipanda na asumini, na hiyo nayo ikakaa kama kijiti. Nakumbuka alilia, na mimi, kwa ujinga wa ujana, nilimcheka kulilia mti.

Mwaka wa pili jirani akampa kiazi kimoja cha dalia. Akakipanda katika shimo lile lile la mkadi.

Mimi nilidhani dalia ndiyo ua lake. Nikaenda kuifuata safari nzima, nikaja kuitesa kwenye joto la Mombasa, na nilipoiona imeoza nikaona kama nimemzika mara mbili. Kumbe dalia ilikuwa ndiyo matikiti yake ya Agra. Ua lake lilikuwa hapa siku zote, linauzwa na kina mama kwa bei ya chai.

Sijayatupa madebe. Moja nimetia mrehani, mawili asumini, mawili mawaridi mekundu ambayo hayataki maji mengi na hupenda maganda ya mayai yaliyopondwa. Ukiwa na uwanja mdogo wa kiasi cha mikeka miwili, na wewe unaweza: toboa chini, weka vigae kwanza, changanya samadi iliyokwisha poa, nywesha kabla jua halijapanda. Debe la sita nimeliweka mche wa mkadi, ingawa najua hautaenea humo na itabidi niuhamishe. Shangazi yangu anapita kila asubuhi kuukagua na kunikosoa.

Ijumaa iliyopita nilichukua vitawi vya mrehani nikaenda makaburini baada ya sala. Kaburi lake halina paa wala kuba. Nilivichomeka kichwani pake, nikamwagia maji, nikamsomea Fatiha, na wafu wote wa Kiislamu pamoja naye, na huyo Zahiruddin Muhammad sikumsahau.